Niuze kiwanja nikasome masta ya teknolojia ya fedha Uingereza?

Shikamoo dada,

Nina umri wa miaka 31, mama wa mtoto mmoja wa miaka minne. Naishi Tabata na mume wangu ambaye ni mwalimu wa sekondari. Shahada yangu ni ya benki na fedha, niliisomea hapa hapa Dar es Salaam, na tangu nimalize chuo sijatoka benki. Nilianza kaunta, sasa ni afisa mikopo wa wafanyabiashara wadogo. Kazi naipenda. Wateja wangu wa Kariakoo na Buguruni nawajua kwa majina, na wengine nawajua mpaka watoto wao.

Lakini dada, mambo yanabadilika huku nayaona. Tawi letu lilikuwa na makeshia saba, wamebaki watatu. Foleni za mwisho wa mwezi zimehamia kwa mawakala na kwenye simu. Mikopo midogo ambayo mimi naitoa baada ya kwenda dukani kwa mtu, kuangalia mzigo wake na kuongea na mjumbe wa mtaa, siku hizi mtu anaipata usiku akiwa amelala kitandani. Meneja ametuambia kikaoni kwamba maamuzi ya mikopo midogo yatahamia kwenye mfumo makao makuu, sisi tutabaki na kazi ya kufuatilia marejesho.

Mwaka jana walikuja vijana wa Tehama kufunga mfumo mpya wa mawakala, nikapangiwa kukaa nao. Jioni moja akaunti ya kusubirisha, ile inayoshika pesa mpaka muamala ukamilike, haikurudi sifuri. Kijana mmoja akasema hiyo ni tofauti ndogo, mfumo utajirekebisha. Nikamwambia hapana, kuna mtu amekatwa pesa na mwenzake hajapokea. Tulipotafuta tukakuta miamala mitatu imekwama. Siku hiyo niliona kwamba na mimi nina cha kuchangia, ila lugha yao siijui. Wakianza mambo ya API na kanzidata nabaki nawatazama tu.

Kaka yangu anaishi Uingereza. Alinihimiza nikaomba, na nimepata udahili wa MSc Financial Technology, mwaka mmoja, ada pauni 28,500. Wanataka amana ya pauni 3,000 kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Mpango wetu ni kuuza kiwanja cha Chanika (mteja yupo, anatoa milioni 45), mume wangu akope milioni 20 SACCOS, na kinachobaki nikitafute kwa kufanya vibarua nikiwa kule. Kaka anasema niende na familia kabisa, nikimaliza kazi zipo.

Mume wangu anasema nenda, lakini usiku naona halali. Mama mkwe amesema wazi kwamba kiwanja hakiuzwi ili mtu akasomee mambo ya simu.

Naomba uniambie ukweli. Hii fani ina kazi au ni upepo wa kupita? Kwa umri wangu, na sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, nitaweza? Na je, niende?

Ni mimi,
Njia Panda, Tabata

*

Marahaba mdogo wangu.

Usiuze kiwanja, na hiyo amana usiilipe mwezi huu. Kusoma utasoma, na nitakueleza kwa nini naamini hivyo, lakini mpango ulionao sasa utavunjika kabla hujapanda ndege, kwa hiyo nianze na pesa.

Ada ni pauni 28,500. Juu yake, anayeomba viza ya mwanafunzi lazima aoneshe kwamba ana pesa ya kujikimu, zaidi ya pauni 1,100 kwa kila mwezi kwa miezi 9 kama chuo kiko nje ya London. Hapo ni zaidi ya pauni 10,000. Pesa hiyo inatakiwa iwe imekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Kuna ada ya huduma za afya, pauni 776 kwa mwaka, halafu viza yenyewe na nauli. Jumla inapita pauni 39,000, ambazo ni kama shilingi milioni 130. Kiwanja na SACCOS kwa pamoja ni milioni 65. Hiyo ni nusu.

Nusu ya pili unasema utaitafuta ukiwa kule. Hapo ndipo mpango unapokatika, kwa sababu ofisa wa viza hahesabu mshahara ambao hujaanza kuupata. Anataka kuiona pesa benki siku unapoomba. Na hata ukishafika, mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, na masta ya mwaka mmoja haina nafasi ya kupumua. Nimewaona vijana wetu wakitoka zamu ya usiku ghalani na kuingia mtihani wa takwimu asubuhi. Wengi wanafaulu kwa shida, na wanarudi na cheti lakini somo lenyewe halijakaa kichwani. Wewe unataka somo likae.

La kwenda na familia, kaka yako anazungumzia sheria ya zamani. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kufundishwa darasani haruhusiwi kwenda Uingereza na mwenzi wala watoto. Ungemwacha mtoto wa miaka minne kwa mwaka mzima au zaidi. Kuna akina mama waliofanya hivyo na nyumba zao ziko salama, sitakuambia haiwezekani. Ila ni uamuzi wa kuufanya mkiwa mmekaa mezani wewe na baba yake, mkiujua tangu mwanzo. Msije mkaugundua ukiwa umeshalipa. Na kuhusu kazi baada ya kumaliza, mhitimu huruhusiwa kubaki miaka 2 kutafuta kazi, ila kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027 muda huo umeshushwa hadi miezi 18. Baada ya hapo lazima upate mwajiri mwenye kibali cha kudhamini wageni na anayelipa mshahara unaofika kiwango cha serikali. Wapo wanaopata. Lakini huwezi kukopa SACCOS ya mwalimu kwa kutegemea hilo.

Sasa tuje kwenye fani, maana hapo nina furaha zaidi.

Si upepo. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Mwaka 2014 makampuni ya simu hapa kwetu yalianza kukubaliana wateja wao watumiane pesa mtandao hadi mtandao, jambo ambalo nchi nyingi Afrika hazikuwa nalo wakati huo. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Leo Benki Kuu inaendesha TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo unaounganisha benki na simu, na serikali inakusanya mapato kwa kontroo namba. Mambo yote haya yanahitaji watu wa kuyajenga, kuyaendesha, kuyakagua na kuyatungia kanuni. Kazi zipo benki, zipo kwenye makampuni ya simu, zipo kwenye makampuni ya malipo kama Selcom, na zipo kwa msimamizi mwenyewe, Benki Kuu.

Ila soma matangazo ya kazi hizo kwa makini. Nadra utakuta wameandika tunatafuta mtu mwenye masta ya teknolojia ya fedha. Wanatafuta mchambuzi wa hatari ya mikopo anayejua SQL na Python, lugha za kompyuta. Wanatafuta mtu wa kusawazisha miamala kati ya mifumo. Wanatafuta msimamizi wa bidhaa anayeweza kukaa na wahandisi asubuhi na kukaa na mwanasheria mchana, au mtu wa kudhibiti utakatishaji wa fedha anayeweza kuchimba data mwenyewe bila kusubiri Tehama wamtolee ripoti. Kila nafasi hapo ina miguu miwili, wa fedha na wa kompyuta. Wewe mmoja unao, tena ni ule unaochukua miaka kuupata.

Nitakuonesha kwa kisa chako mwenyewe cha ile akaunti ya kusubirisha, kwa sababu humo ndani fani yote imo.

Mteja anatuma 50,000 kutoka benki kwenda kwenye simu. Mfumo wa benki unamkata, unaiweka pesa kwenye akaunti ya kusubirisha, unatuma ombi kwa kampuni ya simu, kisha unangoja jibu. Jibu halirudi kwa wakati. Hapo benki haijui kitu. Huenda ombi halikufika. Huenda lilifika, mpokeaji akapata pesa yake, na kilichopotea njiani ni jibu tu. Programu iliyoandikwa ovyo itatuma ombi tena, na mpokeaji atapata 100,000 wakati mtumaji amekatwa 50,000. Nyingine itamrudishia mtumaji pesa haraka haraka, kumbe upande wa pili imeshapokelewa na imeshatolewa kwa wakala.

Tiba ya kwanza ni ya kompyuta: kila ombi linapewa namba yake ya pekee, na mfumo unaopokea ukikutana na namba ileile mara ya pili unajibu kwamba kazi hiyo imeshafanyika, bila kugusa pesa. Tiba ya pili ni ya uhasibu: usiku mafaili ya pande zote mbili yanalinganishwa mstari kwa mstari, na kila senti iliyobaki kwenye akaunti ya kusubirisha inatafutiwa mwenyewe. Yule kijana wa Tehama alijua ya kwanza, ya pili alikuwa hajaizoea. Wewe ulikuwa na ya pili. Na kumbuka kwamba kwa kampuni ya simu jambo hili ni la kisheria, kwa sababu kila shilingi inayoonekana kwenye simu ya mteja lazima iwe na shilingi mwenzake kwenye akaunti ya dhamana iliyoko benki. Mahesabu yasipokaa sawa, pesa za watu hazina mlinzi.

Ndiyo maana nakuomba usichague chuo kwa jina la shahada. Fungua ule ukurasa wa masomo ya kozi uliyopata. Chukua kalamu, pitia somo moja moja na uandike pembeni: hili nalijua, hili silijui. Masta nyingi zenye jina hili zimetungwa kwa wanafunzi wa aina mbili, waliotoka fedha na waliotoka kompyuta, kwa hiyo muhula wa kwanza una utangulizi wa masoko ya fedha, thamani ya pesa kwa wakati, misingi ya benki. Ukikuta nusu ya masomo ni hayo, utalipa milioni 40 na ushee kufundishwa kitu ambacho una shahada yake. Halafu upande wa kompyuta wanaweza kukupa somo moja la Python na mihadhara kuhusu blokucheni, lile daftari la pamoja la mtandaoni. Hilo halitakutoa pale kwenye kiti cha kutazama wenzako wakizungumza.

Zipo kozi ambazo uchanganyaji ni wa kweli. Strathclyde, kule Glasgow, kozi yao inaendeshwa kwa ushirikiano wa idara ya uhasibu na fedha, ya kompyuta, na ya sayansi ya menejimenti. Chuo Kikuu cha Cape Town kina masta ya teknolojia ya fedha inayounganisha fedha, takwimu na sayansi ya kompyuta, na hawampokei mtu ambaye hesabu zake zimelala. Karibu zaidi kuna Kigali, ambako Carnegie Mellon ya Marekani ina kampasi tangu 2011. Shahada ni ileile ya Marekani, na Mastercard Foundation inafadhili wanafunzi wengi wa Afrika pale, lakini ni masomo ya uhandisi na teknolojia ya habari. Ukiomba leo bila msingi wa programu watakukataa, na wakikukubali utateseka. Nairobi, Strathmore wana masta za hisabati ya fedha na za teknolojia ya habari. Na hapa hapa nyumbani, kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama ina masta za kompyuta na mifumo ya habari. Kwa mtu mwenye shahada ya benki, masta ya data au ya mifumo ya habari mara nyingi humfaa kuliko yenye jina zuri la teknolojia ya fedha, kwa sababu inajaza pale palipo patupu.

Umri wako? Miaka 31 si kitu. Wanaoshindwa kujifunza programu niliowaona mimi wameshindwa kwa kukosa sababu ya kuiandika. Walisoma mafunzo ya mtandaoni yenye mifano ya maduka ya vitabu ya Marekani, wakachoka. Wewe sababu unayo kila siku kazini.

Anza na SQL, si Python. SQL ni lugha ya kuiuliza kanzidata maswali, na maswali ya kuuliza tayari unayo kichwani. Weka PostgreSQL, programu ya kanzidata, kwenye kompyuta yako, ni ya bure. Tunga majedwali mawili, moja la miamala ya benki na jingine la kampuni ya simu, kila moja mistari mia mbili hivi, kisha makusudi ufute baadhi upande mmoja na kurudia baadhi upande wa pili. Halafu andika swali la kukuonesha ipi haina mwenzake. Siku jibu litakapotokea kwenye skrini utaelewa kwamba ulichokifanya kwa macho jioni ile na wale vijana unaweza kukifanya kwa miamala milioni moja. Tafadhali tunga data yako mwenyewe. Usitoe hata mstari mmoja wa wateja benki, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitaki mchezo, na zaidi ya sheria, wale watu wamewaamini.

Ukishazoea, ingia Python kidogo kidogo. Kisha jisajili kwenye mazingira ya majaribio ya M-Pesa, ambako unatuma malipo ya uongo na kuona majibu ya kweli ya mfumo, yakiwemo yale ya muda kuisha. Soma pia nyaraka za Mojaloop, programu huria ya kuunganisha mifumo ya malipo iliyotolewa mwaka 2017 kwa ufadhili wa taasisi ya Gates. Wanaeleza hatua kwa hatua jinsi pesa inavyotengwa kwanza upande mmoja, ikathibitishwa upande wa pili, ndipo ikahesabika kuwa imehama. Usiku wa kwanza hutaelewa. Endelea kuisoma, kwa sababu humo ndimo mna mazungumzo yale yanayokupita.

Na kuna jambo meneja wako hakukuambia. Ule mfumo wa makao makuu utakaoamua mikopo unahitaji mtu kama wewe kuliko unavyofikiri.

Angalia mikopo ya simu ilivyoanza. Novemba 2012, Safaricom na Commercial Bank of Africa walizindua M-Shwari kule Kenya: mkopo wa siku 30, ada asilimia 7.5. Kwa mwandishi wa programu hiyo ni namba moja ya kuingiza kwenye fomula. Kwa afisa mikopo, mtu akiurudia mkopo huo mwezi hadi mwezi ni asilimia 90 kwa mwaka, kabla hata ya kupiga riba juu ya riba, na kuna wafanyabiashara ambao faida yao haifiki hapo. Baada yake zikaja programu za kila aina, tukafika kwenye kausha damu za mtandaoni zinazochukua majina yote kwenye simu ya mkopaji na kumpigia mama mkwe, mchungaji na bosi wake kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni, na kuyapiga marufuku. Yote yale yalitengenezwa na watu wanaojua kompyuta vizuri sana.

Kwa hiyo fikiria mfumo unaomkadiria mama ntilie kwa miamala ya simu yake. Mwezi wa Ramadhani mauzo ya mchana yanaanguka. Mfumo unaona kipato kimeporomoka, unamshushia alama, unamnyima mkopo wa kununua mchele wa Idi. Wewe unajua kwamba mama huyo hajafilisika, mwezi ujao atarudi palepale. Au yule wa Kariakoo anayepokea malipo kwa laini ya mdogo wake kwa sababu yake imejaa kiwango cha siku. Kwenye data anaonekana hana biashara. Ukiweza kuyageuza maarifa hayo kuwa safu kwenye jedwali na kanuni kwenye mfumo, utawatetea wateja wako wa Buguruni kwa namna ambayo ukiwa tawini huwezi tena. Naliona hilo kuwa sababu kubwa zaidi ya wewe kuingia humu, kubwa kuliko mshahara.

Sasa ratiba. Mwaka huu baki kazini. Omba kuhamia kitengo cha mifumo ya malipo au cha hatari ya mikopo makao makuu, hata kwa cheo kilekile. Barua ya maombi iandike kwa kisa kile cha miamala mitatu iliyokwama, wakubwa wataielewa. Uliza pia kama benki yako ina udhamini wa masomo. Benki nyingi wanao, kwa sharti la mkataba wa kurudi kuwatumikia kwa muda fulani. Usisaini mpaka umejua ukiacha kabla ya muda utalipa kiasi gani.

Dirisha la Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa mapema Oktoba. Wanalipa ada, nauli na posho ya kujikimu kwa masta ya mwaka mmoja Uingereza. Wanataka uwe umefanya kazi angalau saa 2,800, kama miaka miwili hivi, nawe umeshapita hapo mbali. Wanataka pia urudi nchini ukae walau miaka miwili baada ya masomo, kwa hiyo ukichagua njia hii, habari ya kaka yako ya kutafuta kazi kule iweke kando kabisa. Kwenye insha zao usiandike kwamba una shauku ya teknolojia. Andika kuhusu yule mama ntilie, na utakachomfanyia ukirudi. Commonwealth, yaani Jumuiya ya Madola, nao wana ufadhili ambao Watanzania wanaruhusiwa kuomba, uangalie sambamba.

Mama mkwe usigombane naye. Kusema kweli kuhusu kiwanja hajakosea, na ukimwambia hakiuzwi tena utakuwa umepata mtu wa kukaa na mtoto siku udhamini ukitoka. Mumeo nenda kamwambie leo kwamba mkopo wa SACCOS hauchukuliwi, apate kulala.

Chuo kile usikikatae. Waandikie kabla ya tarehe ya amana uombe kuahirisha udahili hadi mwaka unaofuata, vyuo vingi vya kule huwa wanakubali. Uulize mambo matatu kwenye barua hiyohiyo: kama amana inaweza kusubiri mpaka majibu ya udhamini yatoke, kama mtu mwenye shahada ya fedha anaruhusiwa kubadilisha masomo ya utangulizi wa fedha kwa masomo ya kanzidata au takwimu, na kama kuna mradi wa mwisho unaofanywa na kampuni halisi. Wakikujibu, niletee majibu yao pamoja na ile orodha yako ya najua na sijui, tuipitie pamoja.

Dada yako